Mwalimu wa Moshi aliyetaka kioo cha milimita 300

Mwalimu huyu anafundisha fizikia katika sekondari moja ya Moshi, na amepanga nyumba yenye ua mdogo nyuma katika mtaa wa Soweto, mjini humohumo. Kwa miaka kadhaa amekuwa na darubini ya kioo chenye kipenyo cha milimita 130 na umbali wa fokasi (kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 650, juu ya stendi ya ikweta ya bei ya chini. Aliletewa na shemeji yake aliyeko Ujerumani. Ameona nayo mikanda ya Mshtarii na miezi yake minne, pete za Zohali, milima na mashimo ya Mwezi, na wanafunzi wengi wamepanga foleni uani kwake. Aliponitafuta hakuja kuuliza anunue nini. Alishaamua: milimita 300. Zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha ilikuwa imekaribia, alichotaka ni kujua mzigo wa namna hiyo unaingizwaje nchini.

Nilimwomba kwanza aniambie darubini ya sasa inamnyima nini hasa.

"Galaksi ni ukungu mtupu," alisema. "Andromeda naiona kama doa. Nebula ya Orion, lile wingu la gesi, ni kijivu. Na nikiweka lenzi ya kukuza sana, picha inatetemeka, halafu kitu kinakimbia kabla mwanafunzi wa pili hajainama. Sasa mdogo wangu, kioo cha 300 si kitamaliza hayo yote?"

Hapo kuna shida tatu alizozifunga fungu moja: mwanga unaokusanywa na kioo, anga la Soweto, na stendi. Kioo kikubwa kinagusa ile ya kwanza tu, tena si yote. Ndiyo maana naona kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu. Wengi wanaotaka kupanda kutoka kioo kidogo kwenda kikubwa wanakuja na fungu hilohilo.

Matofali chini ya miguu

Nilianzia kwenye stendi kwa sababu ndiyo iliyokuwa na ubovu unaoonekana kwa macho. Stendi ya ikweta ina mhimili mmoja unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, ili kwa kuzungusha kitufe kimoja uweze kuifuata nyota inavyosogea. Ni mpango mzuri sana kwa mtu wa Berlin. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 3 tu juu ya upeo. Ile ya kaskazini, pamoja na Polaris, nyota ya kaskazini ambayo vitabu vya wanaoanza vinakuhimiza uitafute, iko chini ya upeo upande wa Kilimanjaro, na ukiwa Moshi hutaiona hata mlima ukiondolewa. Mhimili unapaswa kulala karibu sawa na ardhi, na stendi nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho. Ya Mwalimu ilikomea karibu na nyuzi 20.

Alikuwa ametafuta dawa yake mwenyewe: matofali chini ya miguu miwili ya upande wa kaskazini, ili stendi nzima iinamie kusini. Hesabu yake ilikuwa sahihi, fizikia anaijua. Ila sasa ule uzito wa kusawazisha ulikuwa unagonga mguu wa kusini kila alipotaka kugeuza, na lenzi ya jicho ilikuwa inaishia mahali ambapo mtoto anapiga magoti na mtu mzima inabidi ajipinde. Niligusa bomba kwa kidole nikiwa naangalia Mshtarii. Picha ilicheza kwa sekunde kadhaa ndipo ikatulia. Huko kutetemeka alikolalamikia hakukuwa na uhusiano wowote na kioo. Ukipandisha bomba la milimita 300 juu ya kitu kama hicho, utaanguka nalo.

Kuishi karibu na ikweta kuna faida yake, na si ndogo. Mtu wa Moshi anaona karibu anga lote kwa mwaka: Andromeda inafika nyuzi 45 juu ya upeo wa kaskazini, na upande wa kusini anapata fungu la nyota la Omega Centauri, Nebula ya Carina na Mawingu ya Magellan, vitu ambavyo yule mtu wa Berlin hawezi kuvipata bila kupanda ndege. Stendi tu ndiyo inayotuadhibu. Dawa ni stendi isiyojali ncha za anga, inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Hiyo ndiyo inayoitwa Dobson, kwa jina la John Dobson, aliyekuwa mtawa wa Vedanta, falsafa ya Kihindu, huko San Francisco na akatengeneza darubini kwa mbao, mabomba ya karatasi ngumu na vioo vya kuokoteza ili watu wa mitaani waangalie bure. Chama chao cha darubini za kando ya barabara kilianza 1968.

Kioo kinafanya nini, na hakifanyi nini

Kioo cha 300 kinakusanya mwanga mara 5.3 ya kioo cha 130. Hiyo ni hesabu ya maeneo, haina ubishi. Kwa nyota, ambazo hata zikuzwe vipi hubaki nukta, faida unaipata yote: unaona nyota hafifu zaidi kwa karibu viwango 2 vya mng'ao, na fungu la nyota lililokuwa wingu linapasuka kuwa nukta elfu. Umakini wa picha nao unaongezeka. Kwa kanuni ya Dawes, kioo cha 130 kinatenganisha nyota pacha zilizoachana kwa sekunde 0.9 za nyuzi (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi), na cha 300 kwa chini ya 0.4, ilimradi hewa imetulia. Usiku mwingi hewa haiko tayari kwa kipimo hicho cha pili.

Galaksi na nebula zina habari nyingine, na hapa ndipo Mwalimu alinikatalia kabisa mwanzoni. Hakuna darubini ya kuangalia kwa jicho inayoweza kufanya uso wa nebula ung'ae kuliko unavyong'aa kwa macho matupu. Chukua ile 130 yake na lenzi ya jicho ya milimita 25: inakuza mara 26 (650 kugawanya kwa 25), na miale inatoka ikiwa na upana wa milimita 5 (130 kugawanya kwa 26) kuingia kwenye mboni. Chukua 300 yenye fokasi ya 1500 na lenzi hiyohiyo: inakuza mara 60, na miale inatoka na upana uleule wa milimita 5. Mwanga umeongezeka mara 5.3, eneo la picha nalo limeongezeka mara 5.3. Donge kubwa la unga limekupa chapati pana zaidi, unene haukubadilika.

Si kwamba upana hauna maana. Jicho linatambua kitu hafifu kwa urahisi kikiwa kikubwa, na kwa hiyo kioo kikubwa kinaonyesha mengi zaidi. Lakini anga nyuma ya galaksi nalo ni kitu chenye uso, na linakuzwa pamoja nayo. Kama Soweto anga lina weupe wa taa, kioo cha 300 kitakuletea galaksi pana ndani ya weupe mpana. Uwiano kati ya galaksi na anga haubadilishwi na kioo. Unabadilishwa na giza. Rangi za kwenye picha za intaneti zisahau kabisa, kwa sababu seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazioni rangi, na kamera imekaa ikikusanya mwanga kwa saa nyingi.

Alikaa kimya kidogo, akachukua chaki. Alifanya hesabu ya mboni mwenyewe ubaoni, akaifuta, akairudia na lenzi ya milimita 10. Ikatoka vilevile: kwa miale ya upana mmoja, mng'ao ni mmoja. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Kuna hasara nyingine ya 300 ambayo wauzaji hawaisemi sana. Ile 130 ikikuza mara 26 inaonyesha karibu nyuzi 2 za anga, na Kilimia chote kinaenea. Ile 300 ikikuza mara 60 haifikishi nyuzi 1. Kilimia utakiona vipande vipande.

Taa ya jirani

Kwa anga la Soweto nilitumia kipimo rahisi: je, Wingu Kubwa la Magellan linaonekana kwa macho? Ni galaksi jirani yetu, na kutoka Moshi inapanda hadi kama nyuzi 24 upande wa kusini. Mahali penye giza huhitaji kuonyeshwa. Uani kwa Mwalimu hakuna kitu. Kuna taa za mji, na karibu zaidi kuna taa ya ulinzi ya LED ukutani kwa jirani, nyeupe, inayopiga moja kwa moja mahali anaposimama. Turubai kwenye kamba ya kuanikia nguo lilitosha kuzuia taa hiyo isimpige machoni, na kwa sayari na Mwezi inatosha sana. Kwa galaksi haitoshi. Itabidi asafiri.

Kusafiri nako kuna vipimo vyake. Mwalimu hana gari; ana shemeji mwingine mwenye Probox. Darubini ya Dobson ya milimita 300 yenye bomba zima ina urefu wa mita moja na nusu hivi na kwa jumla inafika karibu kilo 40 pamoja na kitako. Ndani ya Probox itaingia ukilaza viti vya nyuma, na hapo abiria watabaki dereva na Mwalimu, wanafunzi hapana. Zipo zinazokunjika, lakini sanduku la kioo bado ni zito na vioo lazima vipangwe upya kila zinapofunguliwa. Ya milimita 200 yenye fokasi ya 1200 ina bomba la mita 1.2 lenye kilo 10 hivi. Linalala kwenye kiti cha nyuma, unalifunga mkanda.

Jambo hili halikuanza na Probox. William Herschel, mtu aliyegundua Uranus mwaka 1781, alijenga Uingereza darubini ya futi 40 yenye kioo cha mita 1.2, ikakamilika 1789 kwa fedha za mfalme. Ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Ilikuwa pia ngumu kuigeuza, na kioo chake cha chuma kilikuwa kinafifia upesi kwa unyevu. Kazi kubwa ya Herschel ilifanywa na ile ya futi 20, yenye kioo cha sentimita 47. Mwanawe John alikuja na ya futi 20 ya muundo huohuo hadi Rasi ya Tumaini Jema, akachunguza anga la kusini kuanzia 1834 hadi 1838, na mwishoni mwa 1837 akaishuhudia nyota Eta Carinae ikiwaka ghafla. Darubini iliyosafirishika ndiyo iliyofika Afrika.

Jaribio kabla ya kununua

Ushauri wangu ulikuwa asitoe hata shilingi kwanza. Tulilitoa bomba la 130 kwenye ile stendi, fundi seremala wa Majengo akalitengenezea kitako kidogo cha mbao, na usiku usio na mbalamwezi shemeji akatupeleka kusini, barabara ya kuelekea Nyumba ya Mungu, mbali na taa. Neno moja la usalama kwa wanaotaka kufanya hivyo: mwone mwenyekiti wa kitongoji mapema, kabla jua halijazama. Wanaume watatu gizani wakizunguka bomba jeusi lililoelekezwa juu hawaelezeki kirahisi. Mwenyekiti wetu alikuja kuangalia mwenyewe na akakaa mpaka tunaondoka.

Kwa kioo kilekile cha 130, Andromeda iliongezeka urefu ikajaza sehemu kubwa ya uwanja wa lenzi, na galaksi ndogo mbili zinazoisindikiza zikaonekana. Wingu Kubwa la Magellan likajitokeza, na ndani yake Nebula ya Tarantula. Picha haikutetemeka. Mwalimu alitamka mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya alichokuwa anakwenda kukinunua alikuwa nacho tayari.

Bado alitaka kioo kikubwa zaidi, na mimi niliunga mkono. Kioo cha 130 kina ukomo wa kweli. Omega Centauri, fungu lenye nyota milioni 10 hivi, kwenye 130 linaanza kuonyesha chembechembe pembeni tu. Swali likabaki 200 au 250. Hapa watu makini wanaweza kutofautiana. Ile 250 inakusanya mwanga zaidi ya 200 kwa mara 1.56, na kwa galaksi ni tofauti unayoiona. Kilichoamua ni viwili. Bomba la 250 lilikuwa nene kiasi cha kumbana abiria wa nyuma. Pia nyingi za 250 zina uwiano wa fokasi (umbali wa fokasi kugawanya kwa kipenyo cha kioo) wa 5 au chini kidogo, ambao unadai vioo vipangwe kwa uangalifu zaidi. Ile 200 yenye uwiano wa 6 inasamehe, na barabara zetu za makorongo zinahitaji darubini inayosamehe. Tukaenda na 200.

Kuhusu mzigo, nitasema lile tu linaloshangaza watu. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kikubwa ndicho kinachohesabiwa, na kawaida sentimita za ujazo hugawanywa kwa 6,000 kupata kilo za kulipia. Boksi la sentimita 160 kwa 50 kwa 50, linalotosha bomba la 300, linahesabiwa kilo 67 hata kama ndani kuna kilo 25. Boksi la 130 kwa 35 kwa 35 linahesabiwa kilo 27. Na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na nauli, bima na ushuru, kwa hiyo hewa iliyomo kwenye boksi nayo unailipia kodi. Mwalimu aliagiza bomba peke yake, bila kitako. Kitako ni mbao, na mbao Moshi zipo.

Beringi za fundi

Fundi wa Majengo alipewa michoro na plaiwudi ya milimita 18, na kazi yake ya randa na msumeno haikuwa na dosari. Tulipokwenda kuchukua tukakuta ameongeza ubunifu: beringi za bodaboda chini ya sahani ya kuzungukia. Ukipuliza, inazunguka.

"Mangi, kitu kinachozunguka lazima kiwe na beringi," alisema, na kwa kitu kingine chochote angekuwa sawa.

Kitako cha Dobson hakitaki kuteleza bure. Kinataka msuguano wa kiasi: ukisukuma kwa kidole kisogee, ukiachia kisimame palepale bila kurudi nyuma wala kuendelea. Kikiwa laini mno, upepo wa jioni unakipeleka unakotaka. Kikiwa kigumu, unasukuma hakiendi, ukiongeza nguvu kinaruka na Zohali inatoka kwenye lenzi. Dobson alitumia vipande vya tefloni. Sisi tulikata vipande vitatu kwenye ubao mweupe mzito wa plastiki wa kukatia nyama, tukavipigilia sawasawa juu ya miguu mitatu ya kitako ili mbao isipinde katikati, na sahani ya juu tukaibandika fomeka yenye uso wa mikwaruzo. Fundi alizungusha kwa kidole kimoja, akaachia, akazungusha tena. Beringi zake akazirudisha kwenye kopo bila kusema neno. Vanishi alipiga mikono miwili kwa sababu ya umande.

Februari

Masika si wakati wa kuanza na darubini, na Juni hadi Agosti Moshi mara nyingi hufunikwa na wingu zito. Januari na Februari ndiyo miezi yetu, kwa hiyo ile 200 ilisubiri hadi mwezi mchanga wa Februari.

Kitu kimoja cha ajabu kinampata mtu wa Dobson katika latitudo hii. Katikati ya Februari, karibu saa mbili na nusu usiku, Nebula ya Orion iko karibu kabisa utosini, na hapo ndipo kitako cha aina hii kinashindwa: bomba limesimama wima, na kusogeza kitu kidogo kushoto unalazimika kuzungusha kitako karibu robo duara. Ughaibuni wanaanzia na Orion. Sisi tunaiacha hadi saa tatu na nusu au saa nne, ikishashuka kidogo magharibi. Mwalimu alihangaika nayo kwanza kwa robo saa, ukaidi wa walimu, halafu akaenda kwenye Mshtarii.

Nebula ya Carina ilikuwa juu kabisa kusini karibu saa saba na nusu. Kwenye 200 njia nyeusi zinazoikata ni wazi, na ukikuza zaidi ya mara 150 Eta Carinae yenyewe si nukta: ina vijipovu viwili vidogo vya rangi ya chungwa, mabaki ya mlipuko wa miaka ya 1840. Ni moja ya vitu vichache vya anga la mbali vinavyompa mtu rangi. Omega Centauri tuliisubiri hadi baada ya saa kumi alfajiri. Ile 200 ilipasua nyota hadi katikati ya fungu. Nyuzi chache kaskazini yake, galaksi ya Centaurus A ilionyesha mkanda mweusi tumboni. Hakuna mtu aliyeuliza kuhusu 300 usiku ule.

Matunzo ni machache. Vumbi jembamba kwenye kioo halina madhara, kufutafuta ndiko kunakokwangua utando wa alumini. Kikichafuka kweli, kinaoshwa kwa maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi. Vioo vinakaguliwa kwa nyota kila baada ya safari. Ile 130 imehamia shuleni na kitako chake kidogo, ndiyo inayoonyesha Kilimia kizima. Stendi ya ikweta iko stoo, na uzito wake wa kusawazisha sasa unazuia mlango wa maabara usipigwe na upepo.

Mwalimu ameanza tena kuitaja 300. Ana mpango wa kununua kiwanja upande wa Sanya Juu, ambako usiku bado ni usiku. Nimemwambia akishajenga chumba cha kuihifadhi hukohuko, ikatoka mlangoni kwa magurudumu bila kupanda gari lolote, nitamsaidia kuiagiza siku hiyohiyo.